Mtandao Ukikatika kwa Wiki Nzima: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa Nyumbani na Dukani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya zinazobeba data chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na siku hiyohiyo mtandao ukaanza kusuasua au kupotea kabisa katika nchi nyingi za ukanda huu, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi. Nchini Tanzania hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulitangaza kutopokea wageni Jumanne na Jumatano iliyofuata kwa sababu ya udhaifu wa mawasiliano. Ikiwa ofisi yenye uwezo kama huo ililazimika kufunga, basi wakala wa fedha wa Manzese, au mwanafunzi anayetakiwa kuwasilisha kazi yake kabla ya saa sita usiku, ana kila sababu ya kujiuliza angefanyaje.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya ya kawaida na biashara ndogo ya Afrika Mashariki. Jambo moja linatawala yote yatakayoelezwa: karibu kila maandalizi ya kuishi bila mtandao yanahitaji mtandao wenyewe ili yakamilike. Ramani haipakuliki wakati data haipo, nenosiri lililosahaulika halibadilishwi, na namba ya shangazi iliyomo ndani ya kundi la WhatsApp la ukoo haipatikani kwa mtu ambaye simu yake imeibwa juzi. Kazi hii hufanywa siku ambayo kila kitu kiko sawa na hakuna anayeona umuhimu wake.

Kinachokatika hasa ni nini

Intaneti ni makumi ya maelfu ya mitandao tofauti iliyokubaliana kupitishiana data, na ndiyo maana si rahisi yote izimike kwa mpigo duniani kote. Kinachokatika ni kipande chako. Data inapotoka kwenye simu husafiri kwa mawimbi hadi kwenye mnara, kutoka mnarani hadi kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kisha kupitia mkongo wa nchi kavu hadi kituo cha pwani, Mombasa au Dar es Salaam, ambako huingia baharini kwenda Ulaya, Asia au Afrika Kusini. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka mabara hupita chini ya bahari, si kwenye setilaiti kama wengi wanavyodhani. Pwani yetu ilikuwa ikitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na kasi ndogo, hadi SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010.

Mkongo wa kilindini una unene unaokaribia ule wa dole gumba. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, nyingi zikisababishwa na nanga za meli na zana za uvuvi. Papa, ambaye hupenda kutajwa katika habari za aina hii, amebebeshwa lawama asiyostahili. Mkongo ukikatika, wahandisi walioko nchi kavu hutuma mwanga ndani yake na kupima muda unaochukua kurudi ili wajue ulipokatika. Baada ya hapo meli maalumu hupakia kipande cha mkongo wa akiba, husafiri hadi eneo hilo, huburuta kulabu chini ya bahari na kuinua ncha moja, ambayo hufungwa kwenye boya wakati ncha ya pili ikitafutwa. Nyuzi za kioo huunganishwa moja baada ya nyingine juu ya meli, hupimwa, ndipo mkongo unaporudishwa majini. Meli za kazi hiyo ni chache: sehemu kubwa ya pwani za Afrika huhudumiwa na Léon Thévenin, yenye makao yake Cape Town. Ukisikia kuwa mkongo umekatika, hesabu kwa majuma, hata kama mtoa huduma wako atakuwa amepata njia ya kuzungukia mapema zaidi.

Mei 2024 pigo lilikuwa kubwa kwa sababu njia ya kaskazini ilikuwa tayari imejeruhiwa. Februari ya mwaka huohuo mikongo kadhaa, SEACOM ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu, na inaaminika iliburutwa na nanga ya meli ya mizigo Rubymar, iliyokuwa ikielea baada ya kupigwa kwa kombora la Wahouthi, waasi wa Yemen. Ukarabati katika maji ya Yemen ulichelewa, kwani meli ya ukarabati inahitaji kibali na usalama kabla haijashusha kulabu yake. Kwa hiyo njia ya kusini ilipokatika nayo, data ya eneo zima ikabanana katika njia chache zilizobaki.

Mkongo si sababu pekee. Kuna kuzimwa kwa amri: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilizima mtandao kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa takriban siku 20, Uganda ilizima usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilikaa siku kadhaa bila intaneti kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025. Kuna kukatika kwa umeme, kunakozima minara. Tena kuna kuanguka kwa huduma moja kubwa wakati mtandao wenyewe ni mzima, kama tarehe 4 Oktoba 2021, ambapo Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita baada ya mabadiliko ya kiufundi ndani ya kampuni yenyewe. Siku hiyo hata zana ambazo wahandisi wa kampuni hiyo wangezitumia kurekebisha tatizo zilikuwa zimezimika pamoja na huduma. Nitalirejea somo hilo katika suala la mpango wa familia.

Hatua ya 1: Tambua tatizo liko wapi

Watu wengi hupoteza saa nzima wakizima na kuwasha simu, wakinunua bando la pili na kuitukana ruta. Fuata mpangilio huu badala yake.

Kwanza, usiamini alama ya 4G. Alama hiyo inakuambia tu kwamba simu yako imeuona mnara. Haisemi lolote juu ya kinachotokea nyuma ya mnara huo. Kama unatumia Wi-Fi, izime na ujaribu data ya simu. Data ikifanya kazi, tatizo liko kwenye ruta au kwa kampuni inayokuletea intaneti nyumbani.

Pili, tuma ujumbe mmoja wa WhatsApp na uangalie alama iliyo pembeni yake. Ikibaki alama ya saa, ujumbe haujaondoka kwako. Ikitokea tiki moja, umeshafika kwenye seva za nje na njia yako ni nzima. Aliyekwama ni mwenzako.

Tatu, piga simu ya kawaida kwa mtu anayetumia kampuni nyingine, ikiwezekana katika mkoa mwingine. Simu isipotoka kabisa, shuku mnara au umeme wa eneo lako. Ikitoka na mwenzako naye akasema data hana, ujue jambo ni la nchi nzima.

Nne, jaribu huduma mbalimbali kabla hujahitimisha. Makampuni makubwa ya video na mitandao ya kijamii huweka seva za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma wa hapa nchini, na data ya ndani hubadilishwa katika vituo kama KIXP cha Nairobi na TIX cha Dar es Salaam bila kuvuka bahari. Hii ndiyo sababu mkongo wa baharini unapokatika unaweza kukuta video maarufu inacheza vizuri wakati barua pepe ya ofisi, ambayo seva yake iko Ulaya, haifunguki. Hali ya namna hiyo, baadhi ya vitu vikifunguka na vingine kukataa, mara nyingi humaanisha mkongo. Kila kitu kikikata kwa dakika moja katika kampuni zote huku simu za kawaida zikiendelea kupigika, hapo kuna uwezekano mkubwa wa amri. VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwa njia ya siri ili kukwepa vizuizi, haitasaidia pale data yote imezimwa, kwa sababu nayo hupita katika data hiyohiyo. Tena kwa Tanzania, tangu mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inataka matumizi yake yaandikishwe.

Hatua ya 2: Panga fedha

Hili ndilo eneo linaloumiza haraka kuliko yote. Programu ya benki na programu ya pesa kwenye simu zitakataa kufunguka, lakini menyu za nyota na reli huendelea kufanya kazi, kwa kuwa husafiri katika njia ileile ya ishara inayobeba ujumbe mfupi wala hazihitaji bando. Vijana wengi waliozoea programu hawazikumbuki tena. Ziandike kwenye karatasi na uzijaribu leo: M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#, Airtel Money ya Tanzania ni *150*60#, M-Pesa ya Kenya ni *334#. Jisajili pia kwa menyu ya benki yako, kwa sababu usajili huo wakati mwingine hukutaka ufike tawini au kwenye mashine ya kutolea fedha.

Hata hivyo, menyu hizi zisikupe usingizi mnono. Mwezi Februari 2016, siku ya uchaguzi nchini Uganda, huduma za pesa kwa simu zilizuiwa pamoja na mitandao ya kijamii. Kwa hiyo weka fedha taslimu za matumizi ya wiki moja, yaani chakula, nauli, dawa na maji, na ziwe noti ndogondogo. Noti ya elfu kumi haina faida kubwa siku ambayo kila muuza mboga hana chenji na hawezi kupokea malipo kwa simu.

Umeme wa kulipia kabla unastahili kutajwa peke yake. Tokeni ya Luku, au ya Kenya Power, ni tarakimu 20 unazoziingiza kwenye mita, na mita yenyewe haihitaji intaneti ili kuzipokea. Kinachohitaji mawasiliano ni ununuzi. Usisubiri mita ianze kupiga kelele. Hakikisha una uniti za siku kadhaa wakati wote, hasa kuelekea uchaguzi.

Mwenye duka au wakala ana kazi ya ziada. Gawanya floti yako kati ya kampuni mbili badala ya kuilaza yote kwenye moja. Andaa daftari lenye safu za tarehe, saa, jina, namba ya simu, kiasi, na kama fedha imethibitishwa au bado. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani, kwa sababu mtandao unaposuasua miamala hukwama katikati: mteja anaapa kuwa amekatwa, wewe hujapokea kitu. Usimruhusu arudie malipo kabla hajaangalia salio lake kupitia menyu. Wewe pia usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe ulioingia kwenye simu yako kutoka namba ya kawaida. Matapeli huzipenda sana siku za namna hii, kwani kila mtu ameshajiandaa kuamini kwamba ujumbe umechelewa. Fungua menyu, angalia salio la Lipa Namba au la Till, ndipo ukabidhi mzigo. Foleni ikirefuka, irefuke.

Hatua ya 3: Mpango wa familia usioishi ndani ya WhatsApp

Makosa ya Facebook mwaka 2021 ndiyo hayahaya yanayofanywa na familia nyingi: mpango wa dharura umehifadhiwa ndani ya kitu kitakachozimika wakati wa dharura. Chukua karatasi ngumu, andika kwa wino namba za watu kumi muhimu, kila moja ikianza na msimbo wa nchi, kwa mfano +255, +254 au +968 kwa ndugu aliyeko Oman. Toa nakala, moja ibaki ukutani na nyingine iingie kwenye pochi ya kila mtu mzima.

Mkubaliane pia mambo mawili. La kwanza ni mtu mmoja wa kupokea habari za wote, ikiwezekana anayeishi mkoa mwingine au nchi jirani, ili watu wanane wasipigiane simu wote kwa wote katika mtandao uliokwisha kulemewa. La pili ni saa ya kuwasiliana, tuseme saa moja jioni, kwa ujumbe mfupi kabla ya simu. Ujumbe mfupi hupenya hata pale simu inapogoma, na husubiri mnara ukirudi. Kwa ndugu walio Ghuba, Ulaya au Marekani, ambao huzungumza na nyumbani kwa simu za video pekee, waelezeni mapema kwamba kimya cha siku tatu hakimaanishi msiba, na kwamba wanaweza kupiga simu ya kawaida.

Angalia pia unachonunua. Bando la intaneti halipigi simu wala halitumi ujumbe mfupi. Weka salio la kawaida kwenye laini, na vocha moja au mbili za kukwangua droo­ni kama bado zinauzwa mtaani kwako.

Hatua ya 4: Pakua kabla hujahitaji

Jiulize ni nini ulichokitafuta mtandaoni wiki iliyopita ambacho kukikosa kungekukwamisha, kisha kishushe. Ramani za wilaya yako na za njia unazosafiri zinapakulika katika Google Maps, OsmAnd au Organic Maps, na GPS ya simu hufanya kazi bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia katika simu ya kawaida kupitia programu ya Kiwix, na kwa shule yenye kompyuta chache hilo ni jambo kubwa zaidi kuliko linavyosikika. Mwanafunzi ashushe silabasi na vitabu vyake kama faili, asitegemee kiungo alichotumiwa na mwalimu.

Nyaraka za utambulisho, bima ya afya, tiketi, cheti cha dawa na mikataba zichapishwe, au angalau ziwekwe kwenye flashi pamoja na simu yenyewe. Programu za ofisi zinazotumia hifadhi ya mtandaoni huwa na mpangilio wa kufanya kazi bila intaneti, ila lazima uuwashe mapema kwa kila faili. Kama akaunti zako zinatumia uthibitisho wa hatua mbili, chagua programu ya kutengeneza misimbo, kwa kuwa hiyo hukokotoa misimbo ndani ya simu bila data. Msimbo unaotumwa kwa barua pepe hautakufikia. Zile namba za dharura unazopewa siku ya kuwasha uthibitisho huo ziandike na uzifungie kabatini.

Hatua ya 5: Umeme na redio

Minara mingi ina betri au jenereta, kwa hiyo umeme wa gridi ukikatika mawasiliano hayafi papo hapo. Hufa baada ya saa kadhaa, mnara mmoja baada ya mwingine. Pawabanki iliyojaa, taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu, na betri ndogo ya ruta vinatosha kwa nyumba nyingi. Redio ya betri ni ya lazima, nami sioni kwa nini imeondoka katika nyumba za mijini. Baadhi ya simu za kisasa hazina redio ya FM ya kweli. Kinachoitwa redio ndani yake ni programu inayotumia data.

Hatua ya 6: Njia ya pili

Laini mbili za kampuni mbili ni mwanzo mzuri, ingawa zinaweza kuwa zinapita katika mkongo mmoja. Kama biashara yako haiwezi kusimama, muulize mtoa huduma kwa maandishi anatumia mikongo gani ya baharini na ana njia gani ya akiba. Jibu la kukwepa nalo ni jibu. Setilaiti kama Starlink, inayotoa huduma Kenya na Rwanda tangu 2023, haitegemei kituo cha pwani cha nchi yako kwa namna ileile, lakini inahitaji leseni ya nchi husika, inahitaji umeme, nayo huanguka: tarehe 24 Julai 2025 ilizimika katika nchi nyingi kwa saa mbili na nusu hivi. Kwa kaya ya kawaida gharama yake ni vigumu kuitetea kwa sababu ya dharura pekee.

Hatua ya 7: Fanya jaribio

Chagua Jumamosi moja, zima data na Wi-Fi kwa kila mtu nyumbani tangu asubuhi hadi jioni, na uendelee na shughuli kama kawaida: nunua, lipa, safiri, wasiliana. Kila linalokwama liandikwe. Utashangaa kwamba kinachokwama mara nyingi ni kidogo sana, kama mpishi aliyezoea kufuata mapishi ya video, mlango wa geti unaofunguliwa kwa programu, au namba ya fundi wa maji ambayo haikuwahi kuandikwa popote. Rekebisha hayo juma hilohilo, na urudie kila baada ya miezi sita, maana simu hubadilishwa na menyu hubadilishwa.

Mtandao unaporudi

Usikimbilie kutuma kila kilichokwama kwa pamoja. Anza na fedha: linganisha daftari na taarifa ya miamala, mstari kwa mstari, na miamala iliyokatwa bila kufika iripotiwe kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya muamala wenyewe. Angalia kama ujumbe au maombi ya malipo yaliyosubiri hayakujituma mara mbili. Kisha kaa macho kwa simu za watu watakaojitambulisha kuwa watoa huduma, wakidai kwamba taarifa zako zilipotea wakati wa hitilafu na kwamba wanahitaji namba yako ya siri ili kuzirejesha. Kukatika kwa mkongo hakufuti akaunti ya mtu, na hakuna mtoa huduma halali anayeihitaji namba hiyo. Kata simu, kisha upige mwenyewe namba ya huduma kwa wateja uliyoiandika kwenye ile karatasi ya ukutani.